Sensa ikisoma -127 na 85: kagua waya na umeme kabla ya kununua sensa nyingine

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro. Nimeunda mashine ya kutotoleshea vifaranga ya mayai 60 kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo inayoendeshwa kwa programu. Nimetumia sensa mbili za joto DS18B20, zile zenye bomba la chuma, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya njia mbili, kioo cha LCD, balbu mbili za wati 60 na feni ya kompyuta ya volti 12. Adapta moja ya volti 12 inalisha feni na Arduino. Nyaya za sensa zilikuwa fupi nikaziunga. Mashine inasoma vizuri nyuzi 37.5, halafu ghafla sensa moja inaonyesha -127, mara nyingine 85, na kuna wakati namba za sensa mbili zinabadilishana nafasi kwenye kioo. Nikitikisa nyaya, inarudi sawa. Nimeshanunua sensa nyingine mbili, tatizo ni lile lile. Wiki iliyopita nimeamka nikakuta joto limepanda mno na mayai yote yameharibika. Je, sensa ninazouziwa ni feki?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa mayai.

Inawezekana kabisa sensa zako ni za kuiga, kwa sababu DS18B20 za kuiga zimejaa sokoni. Lakini hilo halielezi dalili ulizonitajia. Sensa ya kuiga mara nyingi hukosea nusu nyuzi au nyuzi nzima, na leo hukosea kama ilivyokosea jana. Hairuki hadi -127 kisha ikarudi sawa unapotikisa waya. Umeshatumia sensa nne, na muda wote huo nyaya, viungio, adapta na rilei vimebaki vile vile. Kosa litafutwe kwenye vitu ambavyo hujavibadilisha.

Zisome kwanza hizo namba, maana kila moja ina habari yake. DS18B20 haiwezi kupima chini ya nyuzi -55, kwa hiyo -127 si kipimo cha joto hata kidogo. Ni alama ambayo maktaba ya DallasTemperature (programu iliyo tayari ya kusomea sensa hizi) hutoa pale Arduino inapoita na kukosa jibu, au jibu linapofika likiwa limeharibika njiani. Kila jibu la sensa huja na namba ya ukaguzi mwishoni. Hesabu isipolingana, maktaba hulitupa jibu zima na kukuandikia -127. Basi ukiiona, wazia waya wa data: umekatika, umelegea, rezista yake haifai, au kelele za umeme zimeuingilia.

Namba 85 ni habari nyingine. Hiyo ndiyo namba ambayo sensa huamka nayo kila inapopata umeme upya, kabla haijapima chochote. Ukiiona mara moja tu mashine inapowashwa, huenda programu yako haisubiri; kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750. Ukiiona katikati ya kazi, kama wewe, maana yake sensa ilikosa umeme kidogo ikazima na kuamka tena. Kuna hali nyingine ambayo wengi hawaijui: waya mwekundu (wa umeme) ukikatika huku wa data na mweusi (wa hasi) ni mizima, sensa inaweza kuendelea kuishi kwa umeme mdogo inaoupata kupitia waya wa data. Inaitika ikiitwa, lakini nguvu ya kupima haina, na inakurudishia 85. Kwa sababu jibu lenyewe limekamilika, maktaba hailikatai.

Na zile namba kubadilishana nafasi? Hiyo ni programu. Bila shaka unaziita sensa kwa mpangilio, ya 0 na ya 1. Mpangilio huo hupatikana kwa kuziuliza sensa zilizo kwenye waya wakati huo huo. Sensa ya 0 ikipotea, ile ya 1 inasogea kuchukua nafasi yake, na kwenye nafasi ya 1 unaona -127. Kila DS18B20 ina anwani yake ya biti 64 isiyofanana na ya nyingine. Soma anwani za sensa zako mara moja, ziandike ndani ya programu, kisha ziite kwa anwani. Baada ya hapo utajua kwa uhakika ni sensa ipi inayopotea, jambo ambalo sasa hivi hulijui.

Sasa nije kwenye mayai, maana hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Nina hakika programu yako inasema: joto likiwa chini ya 37.5, washa balbu. Namba -127 iko chini ya 37.5. Sensa ilipopotea usiku, Arduino iliamini kwamba ndani kuna baridi isiyo na mfano, ikawasha balbu na kuziacha zikiwaka hadi ulipoamka. Waya mmoja uliolegea ulitosha. Mashine yoyote inayotawala joto lazima iwe na jibu la swali hili: nifanye nini nisipojua joto ni kiasi gani? Kwa mayai, jibu ni kuzima. Kijusi cha kuku kinavumilia baridi kuliko joto; saa tatu au nne kwenye nyuzi 35 humchelewesha tu kifaranga, ila nyuzi 40.5 kwa dakika 15 hivi humdhuru vibaya.

Kwa hiyo, kabla hujagusa waya wowote, rekebisha programu. Kipimo chochote kilicho chini ya 10 au juu ya 45 kihesabiwe kuwa hakipo. Hapo -127 na 85 zote zinatupwa. Sensa moja ikipotea, tumia nyingine na upige buza. Zikipotea zote mbili mara tatu mfululizo, zima balbu na buza iendelee kulia hadi mtu aje. Balbu zifungwe kwenye terminali ya rilei iliyoandikwa NO, ili rilei isipokuwa na umeme balbu ziwe zimezimika. Ongeza pia termostati ya kawaida (swichi inayokata umeme yenyewe joto likifika kiwango) isiyotegemea Arduino, uifunge mfululizo kwenye waya wa laivu wa balbu na uitege kwenye nyuzi 38.5. Hiyo ya mwisho usiiruke, kwa sababu hata programu nzuri haiwezi kuzima balbu ikiwa vigusio vya rilei vimegandana. Balbu ya nyuzi za tungsteni ikiwa baridi huvuta mkondo mara kumi hivi kuliko ikishawaka, na vigusio huunguzwa kidogo kidogo na mivuto hiyo.

Baada ya hapo tunaweza kutafuta kosa lenyewe. Toa mayai yote na uweke chupa za maji mahali pake, zipate kulishika joto kama mayai yanavyolishika. Iagize programu iandike kila sekunde mbili kwenye dirisha la siriali la kompyuta: saa, kipimo cha kila sensa kwa anwani yake, na kama rilei imewaka au imezima. Hii kumbukumbu ni ya thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Endesha mashine katika hali tatu, kila moja kwa saa kadhaa. Kwanza chomoa nyaya zote za rilei kwenye Arduino, ubaki na sensa peke yake. Ukiona -127 au 85 hapo, kosa liko kwenye nyaya za sensa au rezista, na mambo ya rilei yaweke kando kwanza. Ikiwa shwari, rudisha rilei lakini plagi ya balbu iwe imechomolewa ukutani, rilei iwe inagonga bila kuwasha kitu. Iamuru tu iwake na kuzima kila nusu dakika. Makosa yakirudi, rilei inaangusha umeme wa bodi. Yasiporudi, rudisha balbu. Yakijitokeza hapo tu, sababu ni kelele za umeme wa 230 zinazoingia kwenye waya wa data. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, hata ukiwa na haraka, maana ukifanikiwa hutajua kilichokuponya.

Kwa dalili zako natabiri utakwama kwenye hali ya kwanza, kwa sababu umesema ukitikisa nyaya inarudi sawa. Basi chukua multimita. Zima kila kitu, chomoa plagi ya ukutani na adapta. Weka mita kwenye alama ya buza, ncha moja kwenye pini ya Arduino, nyingine kwenye waya ule ule mbele ya kiungio, karibu na bomba la sensa. Mwambie mtu azungushe na kuvuta kila kiungio taratibu. Mlio ukikatika hata kwa nukta moja, umelipata. Ila usiridhike na mlio peke yake: mita nyingi hulia hata kukiwa na omu kadhaa katikati. Rudia kwa kipimo cha omu. Gusanisha ncha za mita zenyewe uone zinasoma kiasi gani, toa kiasi hicho, na waya wote ubaki na chini ya omu moja. Ukiona 5, 12, 3, namba inayochezacheza unapogusa, hicho ni kiungio kibovu hata kama buza inalia.

Nadhani uliviringisha nyaya kwa mkono na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Mezani kiungio hicho kinaweza kudumu mwaka. Ndani ya mashine yako kuna nyuzi 37.5 mchana na usiku, unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na siku tatu za mwisho unaupandisha hadi 65 au 70. Gundi ya tepu inalainika, maji yanaingia, shaba inapata kutu ya kijani. Fungua viungio hivyo uone rangi yake. Kata hadi upate shaba safi, lehemu kwa risasi, kisha uvike mipira inayosinyaa ikipashwa moto, mmoja kwa kila waya na mkubwa mmoja juu ya zote. Bora zaidi, viungio vyote viwe nje ya boksi. Arduino nayo ikae nje.

Kama bado unatumia bredibodi, ile bodi ya kuchomeka nyaya bila kulehemu, iage. Ni kifaa kizuri sana cha kujifunzia, ila feni inatikisa boksi na nyaya za jampa hujilegeza kidogo kidogo. Isitoshe, kwenye baadhi ya bredibodi ndefu ile mistari ya umeme ya pembeni imekatwa katikati, na mtu anaweza kudhani nusu ya pili ina umeme kumbe haina. Hamishia saketi kwenye bodi ya matundu ya kulehemu, nyaya za sensa zishikwe na terminali za skrubu.

Rezista usiiamini kwa macho. Inatakiwa ya kilo-omu 4.7, kati ya waya wa data na volti 5, moja tu inatosha sensa zote mbili. Yenye mistari minne ni njano, zambarau, nyekundu na dhahabu. Mstari wa tatu ukiwa kahawia hiyo ni omu 470, na sensa haitaweza kuushusha waya chini ipasavyo. Ukiwa wa rangi ya chungwa ni kilo-omu 47, na waya utapanda polepole mno, hasa ukiwa mrefu. Zile za bluu zenye mistari mitano huchanganya zaidi: njano, zambarau, nyeusi, kahawia, kahawia. Ipime kwa mita kabla ya kuilehemu. Mashine ikiwa imewashwa na haisomi, waya wa data upime dhidi ya GND, yaani hasi. Unatakiwa uwe karibu na volti 5. Ukikuta sifuri, rezista haijaungwa au waya wa data umegusana na mweusi.

Rangi za nyaya za sensa pia zikague. Mara nyingi nyekundu ni umeme, nyeusi ni GND na njano ni data, lakini viwanda havifanani na nimeona zenye kijani au nyeupe. Ukigeuza umeme na GND, bomba linapata moto wa kuunguza kidole ndani ya muda mfupi. Ukihisi joto hilo, chomoa papo hapo.

Hata viungio vikipona, usiache umeme ulivyo. Arduino Uno ikilishwa volti 12 kwenye tundu lake la duara, regyuleta iliyo juu ya bodi inashusha hadi 5, na volti 7 zinazobaki zinageuka joto. Koili ya rilei ya volti 5 huvuta miliampia 70 hivi. Mbili ni 140. Ongeza bodi yenyewe na taa ya LCD, unakaribia miliampia 200. Zidisha kwa 7 upate wati 1.4, nyingi mno kwa kidude kidogo kisicho na chuma cha kupoozea. Kikipata moto sana kinajizima chenyewe, kisha kinarudi. Multimita haitakuonyesha mtikisiko wa milisekunde chache, kwa hiyo usiseme "nimepima, volti 5 zipo" ukadhani umemaliza. Ndiyo maana nimekuagiza lile jaribio la rilei bila balbu.

Dawa yake ni rahisi. Arduino ilishwe kwa USB kutoka chaja nzuri ya simu. Feni ibaki na adapta yake ya volti 12. Rilei nayo ipewe chaja yake ya volti 5. Angalia kama bodi yako ya rilei ina pini tatu zilizoandikwa JD-VCC, VCC na GND, huku kijumpa kikiunganisha mbili za kwanza. Nyingi za njia mbili zinazo. Kitoe kijumpa. Volti 5 za chaja ziingie JD-VCC na hasi yake iingie GND. Kwenye ile safu nyingine, VCC iende kwenye 5V ya Arduino, IN1 na IN2 ziende kwenye pini zako, na GND ya Arduino usiiunge hapo. Kwa njia hiyo koili na Arduino hazichangii umeme, zinawasiliana kwa mwanga tu ndani ya vile vidude vidogo vyeusi vilivyo kwenye bodi ya rilei. Bodi yako isipokuwa na kijumpa hicho, bado unaweza kuilisha kwa chaja yake, ila hapo lazima GND ya chaja na ya Arduino ziungwe pamoja, vinginevyo rilei haitaelewa amri.

Weka pia kapasita ndogo yenye maandishi 104 kati ya waya mwekundu na mweusi wa kila sensa, karibu na sensa kadiri unavyoweza, na nyingine ya mikrofaradi 470 kwenye umeme wa rilei. Hiyo kubwa ina upande wa hasi uliochorwa mstari. Ukiigeuza inaweza kupasuka.

Kelele za balbu zinashughulikiwa kwa umbali. Nyaya za 230 zipite upande wao wa boksi na za sensa upande wao. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba badala ya kwenda sambamba. Kama umezifunga pamoja kwa kamba moja ili boksi lipendeze, zitenganishe leo. LCD ikitoa herufi za ajabu balbu zinapozima, ni kelele hizo hizo zinaingia. Na nakuomba, kila unapoingiza mkono upande wa balbu, plagi iwe nje ya ukuta. Kuzima kwa swichi hakutoshi, maana hujui kama aliyefunga nyumba alikata laivu au nyutro.

Nirudi kwenye swali lako la feki, kwa sababu kwa mayai nusu nyuzi ina maana. Hata sensa halisi imeahidiwa usahihi wa nusu nyuzi juu au chini, kati ya -10 na 85. Tumbukiza sensa zote kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri zitulie. Zisome sifuri, na zikikosea zisizidi nusu nyuzi upande wowote. Halafu tengeneza maji ya vuguvugu, funga ncha za sensa pamoja na ncha ya kipimajoto cha homa cha dijitali, uzamishe ncha tu. Kipimajoto hicho ni makini zaidi kwenye eneo la 37 na 38, ambalo ndilo unalolihitaji. Tofauti utakayoiona kwa kila sensa iandike kwenye programu pembeni ya anwani yake, iwe inatolewa. Sensa inayopita hapo itumie bila wasiwasi, hata kama haikutoka kwenye kiwanda kilichoandikwa mgongoni mwake.

Ukimaliza yote, iache mashine na chupa zake za maji siku mbili kamili, usome kumbukumbu. Ikibaki -127 moja moja ya nadra huku viungio ni vizima, jaribu rezista ya kilo-omu 2.2 mahali pa ile ya 4.7, inaupa waya mrefu nguvu zaidi ya kupanda. Kisha, balbu zikiwa zinawaka, chomoa kwa makusudi waya wa data kwenye Arduino. Balbu zizime na buza ilie. Rudisha, subiri itulie, halafu chomoa waya mwekundu wa sensa zote mbili, uone kama matokeo ni yale yale. Mashine isiyopita majaribio hayo mawili usiiwekee hata yai moja, na ukikwama nitumie kumbukumbu yako ya siriali pamoja na picha ya nyaya zilivyoungwa.